Vibanzi vya Mzee Rasim

Kibanzi cha kwanza Saniye alikikuta asubuhi ya Jumanne, siku moja baada ya hitima ya arobaini ya baba yake. Kilikuwa sakafuni chini ya kabati la kioo, kimejikunja kama ukucha uliokatwa. Alikiokota akakinusa. Kilikuwa kibichi. Kilinuka tete na wino wa masizi, na katika ukumbi ule wa makumbusho hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuingia na kisu.

Kabati lilikuwa na kufuli mbili. Ndani yake mlikuwa na kisu cha baba yake, kipande cha mfupa alichokuwa akikatia ncha za kalamu, kidau cha wino, na mfuko wa pamba ulioshonwa na marehemu mama yake. Kwenye kioo paliandikwa kwa herufi kubwa: Mali ya Wakfu wa Tunaboylu. Chini yake, kwa herufi ndogo: Rasim, mwandishi wa khati.

Waandishi wa khati wa Istanbul wana desturi yao. Kalamu yao ni tete, na tete huchongwa kila siku. Vibanzi vyake havifagiliwi wala havikanyagwi, kwa sababu kalamu iliyovitoa imeandika jina la Mwenyezi Mungu. Mwandishi huviweka mfukoni mwaka baada ya mwaka, na siku anapokufa ndivyo vinavyowashwa chini ya sufuria ya maji ya kumwoshea. Mzee Rasim alikuwa ameujaza mfuko wake kwa miaka hamsini na mitatu. "Huu ni moto wangu," alikuwa akisema. "Nimeukusanya mwenyewe."

Na hakuoshwa nao.

Miaka miwili kabla ya kufa, macho yakiwa yamekwisha, alimuuzia karakana yake yote Bi Belkıs Tunaboylu, mwenye viwanda vya saruji. Bi Belkıs alikuwa amenunua jumba kuukuu la mbao ukingoni mwa mlango-bahari wa Bosfori. Ghorofa ya chini akaifanya makumbusho, ya juu akaifanya shule ya sanaa za Kiislamu, na wanafunzi wakawa wanasoma bure. Watu walimwombea dua. Saniye naye alimwombea, maana alipewa kazi ya kufundisha kupamba kurasa kwa dhahabu. Mzee alitoa sharti moja, la mdomo tu: siku atakayokufa, mfuko urudi nyumbani.

"Bila shaka, Mwalimu wangu," Bi Belkıs alisema, akaubusu mkono wake.

Alikufa mwezi wa Februari, asubuhi ya theluji. Saniye akapiga simu.

"Pole sana, mpenzi," Bi Belkıs alisema. "Lakini kabati haliwezi kufunguliwa hivihivi. Kuna bima, kuna orodha, kuna wataalamu. Mimi niko London. Nisubirini, narudi Alhamisi."

"Maiti haimsubiri mtu mpaka Alhamisi, Bi Belkıs."

"Basi moto ni moto, Saniye. Mungu anajua nia zetu."

Saniye hakugombana naye. Aliogopa kuipoteza kazi. Lakini hakuweza pia kumwendea mwosha maiti mikono mitupu. Alipanda juu, akafungua kabati la darasa, akachukua boksi la biskuti la mwanafunzi wake mmoja aitwaye Gülçin, ambaye alikuwa ameweka humo vibanzi vyake vya miaka minne. Akampelekea mwosha maiti, akasema, "Hivi ni vya baba." Vikawaka. Maji yakapata moto. Mzee Rasim akaoshwa, akasaliwa, akazikwa kwenye makaburi ya Karacaahmet kabla ya alasiri.

Hilo Saniye hakumwambia mtu.

Jumatano vibanzi vilikuwa viwili. Ijumaa vilijaa kiganja. Mlinzi aliapa kwa watoto wake kwamba hakuna aliyeingia, na picha za kamera zilionyesha sakafu tupu mpaka alfajiri, kisha sakafu yenye vibanzi. Saniye alikuwa akiviokota kimoja kimoja na kuvitia katika mfuko wa aproni yake, maana hata katika hofu hakuweza kuviacha vikanyagwe.

Wiki hiyohiyo Gülçin alianza kuona baridi.

Gülçin alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, muuguzi, mcheshi. Alikuwa akitoka zamu hospitalini na kuja moja kwa moja darasani, macho mekundu, akae mbele kabisa. Siku moja ya wiki hiyo walikuwa wakibandika jani la dhahabu. Jani hilo ni jepesi kuliko bawa la nzi, na gundi iliyo chini yake hulainishwa kwa pumzi ya mtu, si kwa kitu kingine.

"Usiipulize," Saniye alisema. "Ipe pumzi ya moto, kama unavyofuta miwani."

"Haishiki, Mwalimu."

"Sogea karibu."

"Nikisogea zaidi nitaulamba ukurasa."

Darasa likacheka. Saniye akainama kando yake aone kosa liko wapi, na pumzi ya Gülçin ikampiga shavuni. Ilikuwa kama hewa inayotoka kwenye friji mlango ukifunguliwa.

Wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, Gülçin alibaki. Sasa hakuwa akicheka.

"Nimejipima," alinong'ona. "Thelathini na nne na nusu. Daktari kasema kipimajoto kibovu. Nikapima kwa vitatu. Nikamwambia, daktari, mahututi wangu wana joto kuliko mimi. Kaniambia nipunguze zamu."

"Unakula?"

"Kama mfungwa aliyeachiwa. Nalala na chupa tatu za maji ya moto, mume wangu kahamia kwenye kochi. Nikiamka zote baridi, na mimi nimelowa."

"Jasho hilo."

"Mwalimu, mimi jasho nalijua, ndiyo kazi yangu. Haya ni maji. Yananuka kafuri."

Saniye alishika ukingo wa meza. Alimkumbuka baba yake majira yote ya baridi yaliyopita, amefunikwa mablanketi matatu kando ya jiko, anatetemeka, anauliza swali lilelile kila saa: "Saniye, nani kafungua dirisha?" Na dirisha lilikuwa limefungwa. Madaktari hawakuona ugonjwa. Alipoa tu, kidogo kidogo, kama chai iliyosahauliwa.

Jumatatu makumbusho hufungwa. Saniye alikuja peke yake kumalizia kazi moja: bismillahi ya mwisho aliyoiandika baba yake, aliyokuwa akiizungushia maua ya dhahabu. Nje palikuwa na ukungu mzito, honi za meli zinalia bila meli kuonekana. Saa sita mchana alisikia sauti kutoka chini.

Tak.

Ni sauti aliyokua nayo. Ni kisu kikikata ncha ya kalamu juu ya mfupa, mara moja, bila kurudia.

Tak.

Alishuka. Alipofika ngazi ya mwisho alisikia harufu ya kafuri na ya maji yaliyokaa kwenye zege, harufu ya mahali pale alipomwacha baba yake mikononi mwa watu wengine, na sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa, na chini ya kabati vibanzi vilikuwa vingi kiasi kwamba vilifika hadi miguuni mwake vikajipanga kando ya viatu kama vinavyopisha mtu. Ndani ya kabati kisu kilikuwa mahali pake, mfupa mahali pake, lakini mfuko ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu kama tumbo la mtu aliyelala, na kwenye kioo, katika kivuli cha ukumbi ambao ulikuwa mtupu alipogeuka kuutazama, aliona mgongo wa mzee aliyekaa chini, shali ya kijivu mabegani, kiwiko kikienda na kurudi, akichonga. Mzee yule alikohoa kikohozi alichokijua. Saniye alianza kusoma Ayatul Kursiy, ulimi mzito, na yule wa kwenye kioo akaisoma pamoja naye kwa sauti ya baba yake, vizuri kabisa, herufi zote zikitoka mahali pake, ila alikuwa mbele yake kwa neno moja, na kila Saniye alipoharakisha ili amfikie, naye aliharakisha, mpaka aya ikaisha.

Kisha bila kugeuka mzee akasema, "Si vyangu hivi. Saniye, nani kafungua dirisha?"

Saniye alikimbia nje bila koti.

Hafidh Şükrü, aliyemwosha baba yake, alikuwa mzee mnene mwenye mikono laini kupita kiasi. Alimkaribisha kwenye chumba kidogo nyuma ya msikiti, akampa chai, akamwacha aseme yote.

"Baba yako hajarudi," alisema. "Mzee Rasim nilimwosha mimi, alikuwa mwepesi, uso wake ulikuwa mzuri. Wafu hawarudi kuchonga kalamu. Huyo ni karini, jini anayezaliwa na mtu na kukaa naye mpaka mwisho. Anajua kikohozi chake, anajua aya zake. Mtu akifa na haki zake zikatimizwa, karini huenda zake. Huyu kuna kitu anakidai."

"Moto wa baba."

"Niambie, mwanangu. Ulinipa vibanzi vya nani siku ile?"

Saniye aliizungusha bilauri ya chai mkononi.

"Mimi nilijua," mzee alisema. "Vibanzi vya miaka hamsini ni vyeusi kama tumbaku. Vile vilikuwa vyeupe. Nikadhani kuna aibu ya kifamilia, nikafunga mdomo. Na mimi nina dhambi yangu hapo."

"Ni vya mwanafunzi wangu. Anapoa, Hafidh. Anakwenda kama baba."

Hafidh Şükrü aliweka bilauri chini. "Haya hayamo vitabuni. Nakwambia niliyoyaona kwa macho yangu katika kazi hii. Moto wa mtu ukitumiwa kwa maiti mwingine, mwenyewe hubaki na baridi ya yule maiti. Leta mfuko wa baba yako, tuchemshe maji, tukayamwage kaburini. Kisha nenda kwa huyo binti, umwombe akuhalalishie, akusamehe haki yake uliyoichukua."

"Naona haya."

"Basi atakufa nawe ukiona haya."

Hata hivyo Saniye alianza na lililo rahisi kwake. Asubuhi aliingia ofisini kwa Bi Belkıs, dirisha kubwa, maji yanang'aa nyuma yake. Bi Belkıs alikuwa akichagua kitambaa cha kutandika chini ya vyombo vya Mzee Rasim, ambavyo vilikuwa viende kwenye maonyesho London.

"Naomba mfuko wa baba," Saniye alisema.

"Tumeshaongea hilo, mpenzi."

"Hatujaongea. Wewe uliongea."

Bi Belkıs aliinua macho. "Saniye, nimeichukua kazi ya baba yako kwenye chumba cha udongo kilichokuwa kinavuja, nimeiweka mbele ya dunia. Watoto wa maskini wanasoma hapa bure. Wewe mwenyewe unakula hapa. Sasa unanipandishia sauti kwa sababu ya takataka za tete?"

"Kama ni takataka, nipe."

"Nitakuagizia nyingine, gunia zima."

"Fungua kabati, Bi Belkıs. Nataka kuona kibanzi kimoja tu. Nikikiona nitaondoka."

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Saniye aliona mkono wa yule mama ukitafuta kitu cha kushika juu ya meza usikipate. Na hapo akajua. Alizichukua funguo kwenye sahani yake ya fedha, akashuka nazo, Bi Belkıs akimfuata na viatu vyake virefu, akisema, "Saniye, acha. Saniye, nitaita mlinzi." Hakumwita.

Mfuko ulikuwa wa moto mkononi. Saniye aliumwaga juu ya kioo. Vibanzi vilikuwa vyeupe, vyote, vipya, vinanuka tete bichi. Hapakuwa na hata kimoja cheusi.

"Viko wapi?"

Bi Belkıs alikaa kwenye kiti cha mlinzi. Sauti ilikuwa imemshuka. "Baba yangu alijenga nusu ya mji huu. Hakusali hata Ijumaa moja. Alipokufa niliogopa. Nilitaka aende na kitu mkononi."

"Ukamwosha kwa moto wa baba yangu. Baba yangu akiwa hai."

"Nilinunua, Saniye. Nilinunua kila kitu kilichokuwa katika chumba kile, alitia sahihi. Niliona nitaujaza mfuko vibanzi vingine, nani angejua?"

"Siku gani?"

"Unataka nini na siku?"

"Siku gani, mama?"

"Tarehe kumi na nne Novemba."

Saniye aliikumbuka siku hiyo. Palikuwa na jua. Walikuwa wakila supu ya dengu, na baba yake aliweka kijiko chini, akajikunyata, akauliza kwa mara ya kwanza nani kafungua dirisha.

Nyuma yao, ndani ya kabati lililokuwa wazi, mfupa ulilia. Tak. Bi Belkıs alishtuka akauma ulimi. Saniye hakugeuka. Simu yake ilikuwa ikiita, na aliyepiga ni mume wa Gülçin.

Walikuwa wamemlaza katika wodi yake mwenyewe, kati ya wagonjwa wake. Thelathini na mbili. Midomo ilikuwa ya buluu, blanketi la umeme lilikuwa juu yake, na shuka lilichuruzika maji mpaka sakafuni. Hafidh Şükrü aliitwa, akakaa mlangoni akisoma Yasin kwa sauti ya chini. Chini ya kitanda kisu kilikuwa kikifanya kazi, polepole, na muuguzi aliyeinama kutazama alisimama haraka akatoka bila kusema kitu.

Saniye alipiga magoti.

"Gülçin, mimi ni mwizi. Boksi lako nililichukua mimi. Nilimwoshea baba yangu kwa vibanzi vyako, nikaona haya kukuambia, na sasa naomba un..."

"Lile boksi la biskuti?" Gülçin alifungua jicho moja. "Mwalimu, nilidhani nililipeleka nyumbani, nikamsingizia mume wangu kalitupa. Nilimnunia wiki mbili."

"Naomba unihalalishie."

"Nimekuhalalishia. Nimekuhalalishia, nimekuhalalishia. Inuka, sakafu hiyo chafu, naifahamu."

Hakumwacha hata Saniye amalize vizuri. Hafidh Şükrü akapandisha sauti. Harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima kiasi cha kuwasha macho, kitanda kikatikisika, kitu kizito kilicholowa kikajiburuta kutoka chini yake kuelekea dirishani bila kuonekana, pazia likajaa umbo la mgongo ulioinama, kisha likaanguka tupu. Kisu kikanyamaza. Gülçin alipumua, na kioo cha meza ya dawa kando ya kichwa chake kikafanya ukungu.

Mume wake akalia. Hafidh Şükrü akajifuta jasho, lakini hakutabasamu.

"Ameondoka hapa," alimwambia Saniye kwenye korido. "Hajaondoka duniani. Hawezi kukaa na aliyesamehe. Huenda kwa anayezuia."

Mwezi wa Juni, jua likiwa linachoma mpaka paka wamejificha chini ya magari, Bi Belkıs alipanda ngazi za shule amevaa koti la manyoya na glavu. Saniye alikuwa peke yake darasani, ile bismillahi ya baba yake mbele yake. Maua yote yalikuwa tayari isipokuwa moja.

"Thelathini na tatu," Bi Belkıs alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Nimekwenda kaburini kwa baba yako mara saba. Nimeupa ukumbi jina lake, umeona? Herufi kubwa. Maonyesho ya London nimeyafuta. Bado anachonga, Saniye. Chini ya kitanda changu, ndani ya gari, kanisani kwa watu, hospitali za Uswisi. Anachonga tu."

"Anataka kujaza mfuko."

"Yule mzee wa msikitini kasema wewe ndiye mrithi. Neno lako linatosha." Alivua glavu moja akautoa mkono, vidole vyeupe kama mshumaa. "Nihalalishie, mwanangu. Nakuomba."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Saniye aliutazama mkono ule. Alijua neno lenyewe ni fupi, na kwamba Gülçin alilitoa akiwa amelala katika maji, bila hata kungoja. Alijua Mola wake anampenda anayesamehe. Alifungua mdomo. Badala ya neno lile aliona mablanketi matatu, na kijiko kikiwekwa chini, na mzee kipofu akimuuliza yeye, mwanawe wa pekee, kama kwamba ndiye aliyelifungua dirisha.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri haraka," Bi Belkıs alisema. Alivaa glavu yake, akashuka, akiacha ngazi zimelowa.

Saniye alikaa mpaka sauti ya gari ikapotea. Kesho nitamwambia, alijiambia. Kesho baada ya alfajiri, moyo ukishatulia. Akachukua jani la mwisho la dhahabu kwa brashi, akaliweka juu ya ua la mwisho, akainama karibu na mwandiko wa baba yake, akaipa gundi pumzi.

Pumzi yake ikatoka nyeupe, kama ya mtu aliye nje katika theluji. Jani la dhahabu likateleza, likaanguka, halikushika.